Harub na Gari Lisilopona

Harub bin Ghanim alikuwa akiogopa kitu kimoja tu: gari langu lisije likapona. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba gari lanuka petroli, na kila nikimpelekea kwake Mabela, linarudi kwangu Ansab halinuki. Wiki mbili, tatu, halafu yaleyale, asubuhi nafungua mlango harufu inanivaa puani.

Harub fundi wa zamani. Miaka thelathini kafanya kazi karakana ya serikali, akastaafu, mkewe Shaikha akafa, akahamia kwa mwanawe Loai katika nyumba mpya kubwa. Humo ndani watu saba na hana wa kuzungumza naye. Si kwamba wabaya, la! Loai kijana mwenye heshima zake. Lakini Kiswahili cha nyumba ile kilikwisha siku aliyozikwa Shaikha. Watoto Kiarabu na Kiingereza. Harub Kiarabu anakijua, ila anakijua cha kazini, cha kuagizia spana. Kwa Kiarabu Harub ni mzee mpole asiyekuwa na neno. Kwa Kiswahili, loo! Mtu yule ana ulimi, atakuchekesha mpaka uombe maji.

"Umeniletea tena hiki kikongwe?" atasema nikiingia uani.

"Kikongwe wewe! Hebu nenda kajitazame kwenye kioo."

Basi hapo ndipo kumekucha. Ataniwekea kiti chini ya kivuli cha mabati, atafungua boneti, na mdomo haufungi tena. Atanieleza kwamba injini ile ina nozeli nne za kurashia petroli, na kila nozeli ina vipira viwili, kimoja juu na kimoja chini. Vikizeeka vinakakamaa, petroli inavuja. "Na ikivuja juu ya injini ya moto, Bi Mahbuba, cheche moja tu, ushakuwa mishkaki." Nacheka. Wallahi nilikuwa nikicheka.

Mara ya nne nilipokwenda, alimaliza kurudisha bomba la petroli, akaingia ndani kusali Adhuhuri. Mimi macho hayatulii. Nikatazama sinia lake la vifaa, nikaona kijaluba cha vipira vipya alichokifungua mbele yangu, na ndani vimebaki viwili.

Alipotoka nikamuuliza, "Yakhe, mbona hivi vimebaki?"

"Vya akiba."

"Akiba gani? Vilikuwa vinane. Nozeli nne, mbili mbili, nane. Nimesomesha hesabu miaka ishirini na sita, usinichezee."

Akainamia sinia akaanza kupanga spana. Spana zilizokwisha pangwa! Nikamwambia fungua. Akafungua, akachomoa nozeli ya mwisho, na kumbe vipira vyake vya zamani, vimebonyea, vimepasuka. Alikuwa akivipaka mafuta ya injini vikilainika, vinazuia siku chache, halafu vinavuja tena.

"Kila mara?"

"Kila mara. Moja naiacha."

"Kwa nini, Harub?"

Akajipangusa mikono muda mrefu. "Gari likipona hutakuja. Nitazungumza na nani?"

Sasa nisikilizeni. Gari lile mjukuu wangu Noof napanda naye kila siku, nampeleka skuli, miaka sita mtoto yule. Damu ilinichemka. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na sauti yangu nadhani ilifika barabarani. Yeye akarudi kwenye nozeli. Alitia vipira vipya, akavipaka mafuta kidogo ili visikatike, akaidumbukiza nozeli wima, akafunga bomba. Akafungua swichi bila ya kuwasha injini, petroli ikajaa, akapitisha kitambaa cheupe pale kwenye nozeli zote nne. Kikatoka kikavu.

"Sasa limepona," akasema.

Niliondoka bila ya kuaga. Na nilipofika Mawaleh, njiani, nikaegesha pembeni, nikampigia simu Loai, nikamwambia yote. Mtu ataniambia nilikosea? Mtoto wa watu ndani ya gari linalovuja petroli! Loai aliniomba radhi mpaka nikaona haya. Wiki hiyohiyo akagawa spana zote, akang'oa mabati, akawaambia jirani baba hatengenezi magari tena, apumzike. Na waliokuwa wakipita kwa ajili ya magari, wakaacha kupita.

Gari halikunuka tena. Wiki ya kwanza hasira haijanitoka. Wiki ya tatu nafungua mlango asubuhi, nanusa. Wiki ya sita nikajikamata nanusa kwa kutamani. Mjinga mimi! Mume wangu kafa, wanangu kila mmoja na simu yake, na hicho Kiswahili ambacho nikisema nampelekea Harub, kumbe na mimi nilikuwa nakifuata kwake.

Alkhamisi nikachukua halua nikenda.

Uani pamepigwa vigae, hakuna hata doa la mafuta. Loai akanikaribisha majlis, sebule yao ya wageni. Harub kakaa pembeni ya televisheni na kanzu yake nyeupe. Miaka yote sijapata kumuona kucha safi.

"Yakhe," nikamwambia, "leo gari zima. Nimekuja tu."

Akasimama, akaweka mkono kifuani. "Ahlan wa sahlan, Umm Khalil." Karibu ya Kiarabu hiyo, na kwa mkono akanionyesha pa kukaa.

Umm Khalil! Mimi nna mwana anaitwa Khalil, kweli, lakini Harub hajapata kuniita hivyo hata siku moja. Akaniuliza hali kwa Kiarabu. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akauliza watoto, kwa Kiarabu. Nikamtania, nikamwambia kanzu hiyo kaazima kwa nani. Akatabasamu, tabasamu la adabu, lile analowapa wageni wa mwanawe.

"Harub, nisamehe. Sikujua watachukua vyote."

Akasema kwa Kiarabu kwamba hakuna kitu, Loai kafanya sawa, na mimi nilifanya sawa. Na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo iliyoniuma. Angenitukana kwa Kiswahili ningefurahi.

Nilikaa mpaka Alasiri nikizungumza peke yangu. Nilimsimulia habari za Ansab, za Noof, za jirani yangu na mbuzi wake, kila kilichonijia. Akinimiminia kahawa kikombe baada ya kikombe, akitikisa kichwa. Nilipoinuka nikamwambia, "Nitakuja tena Alkhamisi. Ukitaka usitake."

"Ahlan wa sahlan," akasema, akanisindikiza mpaka mlangoni.