Doa Jeupe Ndani ya Jicho

Mpiga picha wetu wa mtaa wa Katuba amefariki. Kama mliwahi kupigwa picha ya pasipoti katika kile chumba chenye dirisha moja, karibu na wauza makaa, basi mlimwona. Mimi nilipita kwake kila niliporudi mjini, mara kutoka Kasomeno juu ya mizigo ya lori, mara kutoka mgodi wa Kinsevere kutafuta kazi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nauliza maswali popote ninapopata kiti, na yeye alikuwa na kiti.

Siku moja mama mmoja alileta simu yenye picha ya mtoto wake. Alitaka ikuzwe aiweke ukutani, ila kwanza doa jeupe machoni liondolewe. "Bantu batasema mutoto iko na ugonjwa," alisema. "Mama, nikitoa ile, mutoto atafanana na samaki mukavu ya Kilwa," alijibu rafiki yangu mpiga picha. Akalikuza jicho mpaka likajaa kioo cha kompyuta. Doa likawa mlango ulio wazi, ulioakisiwa jichoni. Mbele yake alisimama mtu mwenye kitambaa kichwani, ameshika simu kwa mikono miwili kama anayebeba sahani ya moto. Uso haukuonekana. Yule mama akasogea karibu na kioo. "Ni mama yangu," akasema. "Ni yeye alipiga ile foto." Mama yake alikuwa amekwisha kufa, na maisha yake yote alikimbia picha. "Unaweza kumuwekea sura?" Rafiki yangu akatikisa kichwa. "Nitamuwekea sura ya nani, mama?" Akaichapa vilevile ilivyokuwa.

Sasa kwenye kilio chake mwenyewe, mjane wake aliniita pembeni. Picha ya kuweka juu ya sanduku la maiti haikuwepo, na ile ya kadi ya kura ilikuwa imefutika. "Shemeji, alipiga bantu bote foto, yeye anajificha nyuma ya mashine. Tutamuzika bila sura?" Nikafungua kompyuta yake, nikatafuta picha yangu ya pasipoti, nikalikuza jicho kama nilivyomwona akifanya. Dirisha likatokea, na mbele yake kivuli kidogo chenye kamera. Mjane akaweka kidole kwenye kioo. "Ni yeye. Kichwa ya kuinama vile, sawa muntu anasikiliza ku mulango ya jirani." Akacheka, na kucheka kukageuka kilio.

Ndiyo picha iliyotangulia mpaka makaburini: ukungu wa kijivu na kichwa kilichoinama. Wapita njia waliuliza ni nani huyo. Sisi aliotupiga picha hatukuuliza. Siku hizi tunageuza simu ituelekee wenyewe, na jicho letu linabaki na mkono wetu tu. Mimi, tangu siku hiyo, mtu akinitazama najitahidi kusimama vizuri. Sijui atanibeba jichoni mwake mpaka wapi.