Gari Lililokimbiwa Njia ya Bundali

Habari ilitufikia Tunduma siku ya soko. Mtu wa milimani aliyeleta maharage kuuza alikuja hadi mlangoni kwetu, akakataa kuketi, akamwambia mke wangu Tusekile akiwa amesimama: "Baba yako ameanguka kutoka juu ya paa la kanisa. Mguu umevunjika juu ya goti. Waunga mifupa wamejaribu, lakini umevimba na unanuka. Mkimfuata kwa miguu mtakuta tumeshazika."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya safari yetu. Wengi wenu mlisikia vipande vyake sokoni, kila mtu akiongeza chake. Nataka nisimulie kama ilivyokuwa.

Pale Tunduma palikuwa na mwenye duka wa Kihindi, Bwana Premji, aliyekuwa na gari dogo lenye sanduku la mbao nyuma. Alilikodisha kwa wenye harusi na wenye mizigo. Mimi nilijifunza kuendesha malori ng'ambo kwenye migodi ya shaba, kwa hiyo alinipa ufunguo bila dereva wake. Aliniangalia nikijaza petroli, akasema, "Baba Atupele, usisimame-simame njiani. Watu siku hizi wanaogopa magari."

Nilijua anachosema. Mwaka ule, miaka michache baada ya vita vya Hitler, hapakuwa na nyumba mpakani isiyozungumza habari za banyama. Ndivyo walivyowaita wenzetu wa upande wa pili. Upande wetu tulisema chinjachinja. Ni watu, walisema, wanaotembea na gari, wanakamata mpita njia, wanamnyonya damu ikatengenezwe dawa. Wanawake walikwenda kisimani kwa makundi. Mimi nilisema siamini. Lakini kule migodini sikuwahi kutembea peke yangu jua likishazama, na kila nilipolisikia gari likipunguza mwendo nyuma yangu, nywele zilinisimama.

Tulitandika godoro nyuma, tukaweka blanketi na chakula. Tusekile akakumbuka madebe mawili ya rangi nyekundu ya bati. Baba yake alikuwa ametuagiza hayo tangu zamani kwa ajili ya paa lile lile lililomwangusha. "Tumpelekee," akasema. "Akiiona atajua tulikuwa tunamkumbuka." Nikayaweka madebe pembeni mwa godoro. Mtoto tukamwacha kwa dada yangu.

Alfajiri tuliondoka. Hadi Mpemba barabara ilikuwa nzuri, na umande ulikuwa bado kwenye majani ya mahindi. Pale tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya kusini kuelekea milima ya Bundali. Mvua ilikuwa imechimba mifereji katikati ya njia, hata gurudumu moja likawa juu na jingine chini. Gari liliruka kama mbuzi aliyefungwa. Nyuma tulisikia vitu vikigongana, lakini sikuthubutu kusimama kilimani, maana breki zake hazikuwa za kutegemewa.

Tulipoanza kupita kwenye mashamba ya ulezi niliona wanawake watatu wakipalilia. Walisimama, wakatuangalia tukipita, kisha wakatupa majembe na kukimbia. Tusekile akacheka. "Hawajaona gari hawa." Mbele kidogo tukamkuta mwanamume anasukuma baiskeli. Alituacha tupite, nikamwona kwenye kioo akitazama chini barabarani, mahali tulipopita. Kisha aliiangusha baiskeli yake, mali kubwa namna ile, akaingia porini mbio. Hatukucheka tena.

"Mbona anatazama chini?" mke wangu akauliza.

Nyuma yetu, kutoka mteremko mmoja hadi mwingine, sauti za watu zilianza kuitana. Ni sauti ile ndefu wanayopiga watu wa milimani, inayovuka bonde kabla ya mjumbe kufunga kamba za viatu. Sikuelewa maneno. Tusekile alielewa. Nilimwona akishika ukingo wa mlango.

"Wanasemaje?"

"Endesha tu, Baba Atu."

Jua lilipopanda, maji ya injini yakachemka. Mvuke ulifunika kioo, nikalazimika kusimama, na mahali penyewe palikuwa katikati ya kijiji. Jina lake sitalitaja, kwa sababu wana wa watu wale bado wapo na hawakutukosea zaidi ya tulivyowakosea sisi. Hapakuwa na mtu. Moshi ulitoka kwenye majiko yaliyoachwa, na kuku walikuwa wakila unga uliomwagika kwenye ungo. Niliteremka kutafuta maji. Tusekile akazunguka nyuma ya gari, na hapo nikamsikia akisema polepole, "Yesu wangu."

Debe moja lilikuwa limepinduka na mfuniko umefunguka. Rangi ilikuwa imelowesha blanketi, imepenya kati ya mbao, inadondoka chini tone baada ya tone. Niliangalia nyuma. Mstari mwekundu ulikuja nasi barabarani mpaka ulipopotea kwenye kona.

Sasa nikaelewa alichokitazama yule mwenye baiskeli.

Walitoka migombani bila kelele. Laiti wangepiga kelele! Wanaume wenye mikuki na mapanga, wengine na mawe, wakatuzunguka wakiwa mbali kidogo, kama watu wanavyomzunguka nyoka. Kati yao alikuwapo mtu mrefu aliyevaa koti kuukuu la jeshi. Walimwita Koplo. Alisema kwa Kiswahili cha kambini: "Toeni mtu aliyemo ndani."

"Hamna mtu," nikasema. "Ni rangi. Rangi ya paa."

"Fungua."

Nilifungua mlango wa nyuma. Godoro lilikuwa limekolea wekundu mahali pale pale ambapo mtu angelazwa. Niliwasikia wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Nilijua kwa hakika kwamba jiwe la kwanza likirushwa, hakuna atakayeweza kuzuia la pili. Nilifikiria mtoto wetu, na dada yangu akimwambia kwamba tumechelewa njiani.

Tusekile ndiye aliyetembea. Alizamisha viganja vyote viwili kwenye rangi, akajipaka mashavuni, akawaendea. Alisema kwa Kindali, lugha inayokaribiana na yao: "Nuseni. Mimi ni mtoto wa fundi Kibona wa Ikinga. Damu gani inanuka mafuta ya taa? Nuseni!"

Walirudi nyuma. Kila alivyosogea, duara nalo lilisogea. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mimi nilikuwa nimeganda pale mlangoni, siwezi kumwita arudi wala kumfuata.

Koplo akabaki mahali pake. Mke wangu alipomfikia, yeye aliinamisha kichwa, akanusa mkono wake muda mrefu. Kisha akachukua rangi kidogo kwa kidole na kuisugua.

"Rangi," akasema. Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa lugha yao, na niliona wengine wakitikisa kichwa kukataa. Alirudi kwangu akanong'ona: "Mimi nimejua. Hawa hawajajua. Jaza maji uondoke kabla hawajaacha kunisikiliza. Na mkirudi, msipite hapa mpaka mimi mwenyewe nimewaona."

Sikujua kama ananionya au ananitisha.

Mchana tulifika mwisho wa njia ya gari. Tuliliacha kwa mwalimu wa shule ya misheni, tukapanda kwa miguu hadi Ikinga. Njia ni nyembamba na upande mmoja ni korongo, lakini baada ya kijiji kile sikuona korongo wala ukungu. Nilisikia tu hatua nyuma yetu ambazo hazikuwapo.

Baba mkwe alilala kwenye ngozi kando ya moto. Alikuwa mtu mkubwa, na sasa uso wake ulikuwa umebaki mifupa. Mama mkwe, kwa desturi, alikaa nyuma ya kizuizi cha mianzi asionane na mimi, na kila neno lake kwangu lilipitia kwa binti yake. Tulikula viazi na maharage. Nilipoona wakati umefika nikasema, "Baba, kesho asubuhi vijana watakubeba kwa machela hadi kwenye gari, na jioni utakuwa hospitali ya Mbozi Misheni."

Mzee alitazama moto. "Mkwe wangu," akasema, "habari ya gari lako imenifikia kabla yako. Milima imepiga kelele tangu asubuhi. Wanasema linavuja damu."

"Ni rangi yako, baba. Ile uliyoagiza."

"Nimekusikia. Nami ni mzee wa kanisa, sisemi uongo. Naogopa. Mtu anaingia kwenye gari akiwa na damu, anafika kwa wenye makoti meupe, nao wanamchoma sindano na kuichota. Hilo si uvumi, alilieleza mtu aliyechomwa. Afadhali nife hapa nikiwa mzima, damu yangu yote ndani."

Tusekile alimsihi. Mimi nilieleza habari za dawa na mifupa mpaka maneno yakaniishia. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo mzee alivyozidi kujivuta ukutani. Harufu ya mguu ule ilijaza nyumba. Nililala nikijua kwamba tumekuja kuzika.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mama mkwe alitoka nyuma ya mianzi. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na amefunga kitambaa kichwani. Alipita mbele yangu, jambo ambalo hakulifanya tangu siku nilipooa, nami nikainamisha macho kwa haya. Akamwambia mumewe: "Mimi natangulia kuingia. Nitakaa humo kwanza. Wakinichota, utasikia kilio changu, na wewe utarudishwa nyumbani. Nisipolia, utakuja."

Mzee alilia bila sauti, kisha akaruhusu vijana wamnyanyue.

Kwenye gari tuligeuza godoro upande mkavu. Mama mkwe alipanda, akaketi juu ya mbao zenye madoa mekundu, akapakata mikono. Alikuwa anaamini kila neno la uvumi ule kama mumewe, na bado alikuwa ameketi mle ndani. Mzee alimtazama, akasema, "Niwekeni." Walipomlaza, kichwa chake kikawa mapajani pa mkewe. Ndipo mama mkwe akasema nami mwenyewe, bila kumpitia binti yake: "Mkwe, endesha. Usikimbize."

Kwenye kijiji cha Koplo tulikuta gogo limelazwa barabarani. Watu walikuwa wengi kuliko jana. Nilizima injini, na mzee aliyekuwa akiguna kila tulipoingia shimoni akaendelea kuguna katika ule ukimya. Sasa gari lilikuwa na mtu kweli, amelala, anaugulia, na mbao chini yake nyekundu. Niliona mikuki ikiinuka.

"Nani huyo?" Koplo akaita.

Mama mkwe akasimama nyuma ya gari. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini aliwataja: alitaja jina la mumewe, la baba yake, nyumba alizoziezeka mzee kwenye vijiji vyao, na watoto aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa huko. Mtu mmoja akashusha mkuki. "Fundi Kibona alijenga ghala letu," akasema. Koplo alikuja, akamwangalia mzee usoni, akamshika mkono.

Waliliondoa gogo. Nikawasha gari, lakini Koplo akapanda ubao wa kukanyagia mlangoni mwangu, akashika ukingo wa dirisha. "Kijiji kinachofuata hawanusi rangi," akasema. "Wanapiga tu."

Tukaenda naye hivyo, koti lake likipigwa na upepo, akiwapigia kelele watu mashambani: ni mgonjwa, ni mgonjwa! Kijiji kilichofuata aliteremka, na mtu wa pale akapanda mahali pake. Baada yake akapanda mwingine. Tulikabidhiwa kutoka mkono hadi mkono mpaka Mpemba. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali kuingia ndani ya gari.

Jioni tulifika misheni. Nitasema mapema ili msihangaike: mzee hakufa. Mguu uliungwa, ukabaki mfupi, naye akarudi kwake baada ya mavuno akitembea kwa fimbo. Alipochomwa sindano ya kwanza alimng'ang'ania mkewe mpaka kucha zikaacha alama.

Tuliwaacha wawili hao wodini. Siku ya pili, baada ya kuona amelala vizuri, mimi na Tusekile tukageuza gari kurudi Tunduma. Tulikuwa na furaha. Nilikuwa nikisema kwa sauti jinsi hofu inavyowafanya watu wajinga, na jinsi nitakavyowaeleza ninyi nyumbani muache habari za banyama. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti ya miombo. Nilisimama nikaze gurudumu lililolegea.

Hapo nikasikia gari likija nyuma yetu. Lilikuja, likapunguza mwendo.

Sikufikiri. Nilimshika Tusekile mkono, tukaingia porini, tukalala kifudifudi kwenye majani. Gari lile likasimama karibu na letu. Mlango ukafunguka. Sauti ya mwanamume ikaita kwa Kiswahili, "Jamani, mmeharibikiwa? Nina spana!" Akaita tena. Mke wangu alikuwa amenibana mdomo kwa kiganja chake, nami nilikuwa nimembana wake. Mtu yule akangoja kidogo, akasema neno moja la kusikitika, akaenda zake.

Tuliendelea kulala pale mpaka mlio wake ulipokwisha kabisa. Kisha tukainuka, tukajipangusa majani, tukaingia garini bila kutazamana.

Nilichojifunza, basi, sicho nilichokuwa nimejitayarisha kuwafundisha. Hofu haikuwa ya wale wa milimani peke yao. Mama mkwe wangu aliogopa kuliko sisi sote, akapanda. Koplo alijua watu wake wanaweza kumgeuka, akapanda. Mimi mwenye kujua magari, niliyejua banyama ni uvumi, niliitiwa msaada kwa lugha yangu mwenyewe nikajificha nyasini. Yule mtu mwenye spana sikuwahi kumjua. Kama ni mmoja wenu anayesoma haya, nakuomba radhi, na nakushukuru kwamba ulisimama.