Birika la Jiwe Karibu na Mlango

Kanisa ninalosali hapa ughaibuni, mjini Saint Paul, lina birika la ubatizo la jiwe, limesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Lilichongwa Uingereza karne nyingi zilizopita, kanisa lake likavunjwa, ng'ombe wakanyweshwa humo, hadi tajiri mmoja wa hapa akalinunua na kulileta kwa meli. Ukingoni kuna vipande viwili vya chuma vilivyokatika. Mzee wa kanisa alinieleza kwamba zamani birika lilifungwa kwa kufuli, watu wasije wakaiba maji wakayafanyia uchawi. Nilicheka hadi akashangaa. Kwetu Muheza, babu zetu waliambiwa na Waingereza kwamba uchawi ni wetu peke yetu.

Siku hizi hawalitumii. Watoto hubatizwa mbele, kwenye bakuli la kioo kama la kachumbari, na juu ya kifuniko cha birika huwekwa chungu cha maua. Nilipojifungua nilimwomba kasisi, mama mmoja mpole, ambatize mwanangu kwenye jiwe. Mimi nilibatizwa kwenye jiwe, mama yangu vilevile, na kwetu birika hukaa mlangoni kwa sababu mtoto ndiyo kwanza anaingia. Kasisi alikubali.

Kilichobaki ni mama wa ubatizo. Kwetu mzazi hampeleki mtoto wake kwenye maji. Anakaa kwenye benchi, mikono mitupu, na mama wa ubatizo ndiye anayembeba hadi kwenye birika, maana mtoto anatoka kwako na kupokewa na watu. Hilo ndilo nililolitaka, pengine kuliko maji yenyewe: mtu mmoja katika mji huu ampokee mwanangu. Mume wangu alikuwa bado Tanga akisubiri viza. Nilijifungua peke yangu, nikarudi nyumbani na mtoto kwa teksi, na kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kule Roseville, walinisifu kwamba nina nguvu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nilimwomba rafiki yangu Mkenya, anayefanya kazi kwenye ghala kubwa la Shakopee, akakubali kwa furaha. Jumapili yenyewe nimeshakaa benchi la nyuma, mtoto kavaa nguo nyeupe, simu ikatetema. Ujumbe wake ulisema: "Dada, pole sana. Wametuwekea overtime ya lazima na siwezi ku-miss tena. Nitakuja kuwaona jioni."

Sikumwambia kasisi. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani itakuwa kama kwetu, ambako mtoto akikosa mtu, mama yeyote husimama bila kuombwa, na mara nyingine husimama wawili wakagombana. Washarika wakageuka kutazama nyuma. Mzee wa kanisa akamimina maji ya vuguvugu kutoka kwenye jagi, na mvuke ukapanda, maana ilikuwa Januari na baridi ilipenya chini ya mlango. Kasisi akanipungia mkono niende. Nikatikisa kichwa. Akaniita tena, taratibu, akidhani sikusikia. Nikabaki nimekaa, nimemkumbatia mtoto.

Kiingereza changu ni cha kazini. Najua kuuliza maumivu yako wapi, najua kusema geukia kushoto. Sikuwa na maneno ya kueleza kwamba mikono ya kumpeleka si yangu. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Niliona aibu, kisha hasira ikanipanda. Miezi yote hii mmenipa mkono wa amani kila Jumapili, nikasema moyoni, na leo hakuna hata mmoja mwenye miguu!

Aliyesimama ni bibi ambaye sikumpenda. Hukaa peke yake karibu na mlango, na kila nikichelewa hunikemea, "Funga mlango." Alikuja akisukuma kigari chake cha kutembelea, akakiacha kando, akanyoosha mikono. Nilimtazama magoti kama ninavyowatazama wazee wangu kazini, nikajua hayatamhimili. Nikampa mtoto hata hivyo. Bibi akaliegemea jiwe kwa tumbo lake lote, na hivyo ndivyo alivyoweza kumshika.

Maji yakamwagwa mara tatu, mtoto akalia kwa hasira. Nami nikangoja vigelegele. Nilijua kabisa kwamba hapa hawapigi, lakini masikio yalingoja yenyewe. Mtu mmoja alikohoa, kinanda kikaanza, watu wakageukia mbele. Sijawahi kujisikia mpweke vile, hata usiku wa kujifungua.

Baada ya ibada nilimfuata bibi kwenye ukumbi wa kahawa. Nilitaka kujua kama alikuwa ameelewa, nikamuuliza kwa nini alisimama.

"Ulionekana umechoka," alisema. "Nikadhani mikono inakuuma."

Kumbe hakujua lolote kuhusu mama wa ubatizo. Nikafungua mdomo nimweleze desturi yetu. Badala yake nikalia, palepale, mbele ya watu na biskuti zao, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka tangu nijifungue, na hakuna aliyekuwa ameliona.

Bibi akanyoosha mikono tena. "Nipe huyo," akasema. "Wewe kaa."