Kuku wa Mtunzi Asiyejulikana

Jumamosi, katika duka la muziki hapa ughaibuni, mjini Rockville, mzee wa Kiitaliano aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu aliulizia kanda za mtunzi wa opera aliyezaliwa mjini kwao.

"Huyo hatuna," muuzaji akajibu bila kuinua macho. "Ila mpinzani wake tunaye, rafu nzima."

"Kila siku yule yule!" Mzee akaanza kuuguna wimbo mmoja wa mtunzi wake, kidole kikipiga mapigo hewani.

Mama anayemtunza, Mkenya wa Nyeri, akaudaka wimbo kwa Kiswahili. Nami niliyekulia Iringa nikajikuta naitikia besi. Miaka yote nilidhani aliutunga mwalimu wetu wa kwaya!

Machozi yakamlengalenga mzee. "Mmeutoa wapi?"

"Kanisani, Mzee," mama akajibu. "Mapadri wa kwenu walitufundisha. Tunauimba tukipeleka sadaka: ndizi, mayai, kuku."

"Kuku wazima?"

"Wazima, na kelele zao. Watu wanacheza mpaka altareni."

Siku hizi sadaka yangu naitia kwenye bahasha, kimya kimya. Nikatamani zile kelele.

Mzee akapangusa macho, akamgeukia muuzaji.

"Huyo wako wa rafuni," akasema, "hajawahi kupelekewa kuku hata mmoja."