Picha ya Mjukuu, Makandana

Intaneti ilipokuwa ngeni Tukuyu, mama mmoja aliingia kwenye kibanda cha intaneti Makandana, akaomba kuona picha ya mjukuu wake aliyezaliwa Ulaya. Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, na kivinjari chake cha zamani, programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kilishindwa kuifungua picha hiyo.

"Itabidi niweke kivinjari kipya, mama. Kitachukua muda," alisema dada mwenye kibanda.

"Weka tu, mwanangu. Sijawahi kumwona."

Sisi wateja wengine tuliokuwa kibandani sote tuliacha kazi zetu ili laini moja ya intaneti tuliyoitumia pamoja isizidiwe. Mwishowe picha ikaanza kushuka polepole: nywele, paji la uso, macho. Mama akagusa kioo.

"Marehemu babu yake mtupu," akasema taratibu.

Siku hizi picha hufunguka papo hapo, na kila mtu huitazama peke yake.