Upande wa Kushoto wa Ng'ombe

Shangazi yangu huhesabu kupe. Ndiyo kazi yake, katika kituo cha utafiti wa mifugo. Anainua mkia wa ng'ombe, anapekua sikio, anapapasa chini ya kiwele, kisha anataja namba, na mimi, binti wa kaka yake, naiandika daftarini. Kituoni wanamwita Mama Kupe, naye huitika kama aliyeitwa Mheshimiwa.

Watu huicheka kazi hii. Wacheke tu. Hawakuwepo mwaka ule ng'ombe wake wa pekee alipoanza kukojoa mkojo mwekundu, na siku ya tatu akaanguka bandani asiinuke tena. Ugonjwa ule uliletwa na kupe. Dawa ya kunyunyizia Shangazi alikuwa akiitumia bila kukosa, ila kupe wetu walikwisha kuizoea kama watoto watundu wanavyozoea kukaripiwa. Baada ya kumzika ng'ombe wake alilijaza banda lile kuni mpaka mlangoni, akaapa kwamba hataingia ng'ombe mwingine humo mpaka apatikane wa kuwashinda kupe. Miaka kumi na mmoja imepita, na kuni zile haruhusiwi mtu kuzigusa, hata mvua inyeshe wiki nzima.

Basi Daktari wetu wa mifugo alipotuambia kwamba kituo kitajaribu chanjo ya kupe, Shangazi aliketi chini kabisa.

"Sasa Daktari, kupe utamchoma wapi? Utamshika mguu upi?"

Daktari alicheka mpaka miwani ikamteleza. Akaeleza kwamba anayechanjwa ni ng'ombe. Damu yake inajifunza kupigana, na kupe akija kuinywa, utumbo wake unaharibika. Hanenepi, mayai anataga machache, na kizazi chake kinapungua. Kupe wakipungua, na magonjwa yao yanapungua.

"Yaani mwizi anaumwa tumbo na chakula alichoiba!" Shangazi alisema, akapiga kofi paja lake. Tangu siku hiyo alikuwa anafika kazini kabla ya mlinzi kufungua geti.

Ng'ombe walikuwa kumi na wawili. Sita walipewa chanjo, sita wakadungwa maji ya chumvi, na orodha aliifungia Daktari kabatini, sisi tusije tukapendelea. Kila Alhamisi ng'ombe walipitishwa mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya mbao iliyojengwa kando ya ukuta. Ubavu wa kushoto uligusa ukuta, wa kulia ukatuelekea sisi. Shangazi alihesabu upande huo mmoja, mimi nikazidisha kwa mbili. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyofanya miezi mitatu.

Alhamisi ya mwisho Daktari alilichukua daftari, akaenda kulilinganisha na orodha yake. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Hakuna tofauti, mama. Wote wana kupe wachache, waliochanjwa na wasiochanjwa. Wakuu wanakuja kesho saa sita. Watalifunga jaribio hili."

Shangazi alisema tu kwamba kesho asubuhi atakwenda kuwaaga ng'ombe. Nilishtuka, maana mwanamke huyu hubishana hata na redio.

Ijumaa asubuhi alinivuta hadi banda la kukamulia, akawaage ng'ombe wa jaribio. Mkamuaji wetu, tunayemwita Bwana Harusi kwa sababu hukamua amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa kwenye kigoda chake. Kando ya ndoo ya maziwa palikuwa na kopo. Shangazi akaliinamia, akanusa. Mafuta ya taa. Ndani yake walielea kupe wanene.

"Hii nini?"

"Kupe, mama. Kila nikikamua nawabandua. Siwezi kukaa na mnyama anateseka namtazama tu."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Shangazi alipiga kelele hadi ng'ombe akasogea. "Si ulikatazwa kuwatia dawa?"

"Daktari alikataza dawa, mama, hakukataza vidole."

Nilitaka kulimwaga lile kopo kwenye shati lake jeupe, nasema kweli. Miezi mitatu ya jasho letu imo ndani ya mafuta ya taa! Lakini Shangazi alikuwa anakitazama kile kigoda.

"Bwana Harusi, huwa unakaa upande gani?"

"Kulia, mama. Wakamuaji wote tunakaa kulia. Ukienda kushoto wanapiga mateke."

"Na kushoto hujabandua hata mmoja?"

"Naogopa mateke, mama."

Shangazi alikamata pindo za khanga yake na kukimbia. Miaka hamsini na minane, magoti mabovu, anakimbia! Nikasikia anaita, "Daktari! Daktari, jaribio lisifungwe! Tumehesabu upande wa mkamuaji!"

Tukawafunga ng'ombe uani, mmoja kwenye kila nguzo, na Bwana Harusi, jasho likimtoka, akawashika vichwa. Shangazi akaingia upande wa kushoto.

"Sitini na wanne."

Nikaandika. Wa pili, hamsini na tisa. Wa tatu akapapasa, akarudia kupapasa.

"Wanane." Akamng'oa mmoja, akamweka kiganjani mwangu. Alikuwa mdogo, amesinyaa, mwekundu isivyo kawaida. "Huyu ameumwa tumbo, mwanangu. Mwone!"

Niliandika kwa haraka, namba zikaenda upogo. Sabini na mmoja. Kumi na mmoja. Sita. Tulipomaliza, Daktari aliikunjua orodha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka alama mbele ya kila ng'ombe, polepole, nami nilitamani kumpokonya kalamu. Wenye kupe wachache walikuwa sita. Wote sita walikuwa wamechanjwa.

Daktari alirusha miwani yake juu na hakuidaka.

Wakuu walipofika saa sita waliinama wenyewe chini ya ng'ombe, na tai zao. Walisema hesabu ya siku moja haitoshi, lakini walichokiona hawakuweza kukifunga. Wakatupa mwaka mzima, ng'ombe arobaini, na amri ya kuhesabu pande zote mbili. Bwana Harusi aliapishwa mbele yao kutobandua kupe, akaapa huku mikono ameitia mfukoni.

Njiani kurudi nyumbani Shangazi alitembea mbele yangu kwa haraka. Tulipofika nikaingia jikoni kuwasha moto, na kule jikoni kuni hazikuwepo.

"Shangazi, kuni zimekwisha!"

"Njoo uchukue huku!"

Nilimkuta nyuma ya nyumba, machozi yanamtiririka na meno yote nje, anazitupa kuni uani mbili mbili. Ukuta wa ndani wa banda ulikuwa umeshaanza kuonekana.