Kadzo wa Kaburi Tupu

Nina ila moja na siifichi: napenda kujua ya watu. Kadzo alipoanza kutufulia nguo hapa Kibokoni, mwaka 1993, nilimuuliza kwao ni wapi. Akanijibu, "Kaburi Tupu," huku akikamua shuka, kama mtu anayetaja mtaa wa Bondeni.

Nilidhani ananichezea. Nikamwandama wiki nzima mpaka akanieleza. Babake alikuja Mombasa kufanya kazi ya ukuli bandarini, Kadzo akiwa bado mdogo. Siku moja habari zikafika kijijini, huko nyuma ya Kaloleni, kwamba amekufa. Wakachimba kaburi, wakangoja maiti. Maiti haikuja. Kwa desturi yao, aliyefia mbali asipatikane huzikiwa mgomba badala yake, ili kaburi lisikae wazi. Mamake Kadzo alikataa katakata. Alisema hazikwi mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa. Basi shimo likabaki, wapita njia wakalifanya alama ya kuelekezana, na kijiji kikapata jina.

Hapo nikaelewa kwa nini Kadzo, akianika nguo juu darini, alimkagua uso kila mzee aliyepita chini.

Mwaka uliofuata alikuja nduguye, Mung'aro. Mama yao alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na sasa wazee walitaka kulifukia lile shimo, maana mbuzi walikuwa wakitumbukia. Lakini mchanga wa kwanza sharti autie mwana wa kwanza, naye ndiye Kadzo.

"Bila wewe, dada, hawathubutu," alisema Mung'aro.

Kadzo alikuwa akikunja kanzu. Akaikunjua, akaikunja tena. Mimi mdomo wangu haunitii, nikauliza, "Na ukikataa?"

"Nitazeeka nikingoja, kama mama."

Asubuhi yake walikwenda Mwembe Tayari kupanda basi. Siku nne alizokaa huko sikutulia, nilichungulia barabara kama mwenye mgonjwa. Aliporudi hata salamu sikuimaliza.

"Hebu nambia, sasa kijiji mwakiitaje?"

"Kaburi Tupu."

"Si mumelifukia?"

"Tumefukia mgomba, Bi Mwanakhamis. Baba hayumo."

Nikaona haya, jambo lisilonipata mara nyingi. Kadzo akabeba beseni, nikamfuata darini kumsaidia kuanika. Chini akapita mzee mgeni, na bakora yake. Kadzo alimtazama mpaka akapinda kona, na siku hiyo nami nilimtazama pia.